Wakili wa Watia Makaa



Katika ziara zetu za matawi, mashambani na viwandani, liko swali moja tunaloulizwa tena na tena. Linaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya mkutano kufungwa. Mfanyakazi husema hivi: "Tajiri akinidhulumu, nakimbilia chama. Je, chama kikipatana na tajiri juu ya kichwa changu, nikimbilie wapi?"

Swali hilo si la mchezo. Anayeliuliza ni kibarua wa msimu, au mtu aliyetoka mbali kuja kukata miwa, au mama mchuma chai ambaye hajawahi kuitwa kwenye kikao. Wote hao ni wachache katika tawi, na wachache hawana kura ya kumwangusha mwenyekiti. Ndiyo sababu katika toleo hili tumeona yafaa kuwaeleza wanachama wetu habari za mwanasheria mmoja Mmarekani mweusi, Charles Hamilton Houston, aliyelipeleka swali hilohilo mpaka katika Mahakama ya Juu ya nchi yake na kurudi na jibu. Yeye alitetea wafanyakazi wa reli na wa tramu. Jibu alilopata linatuhusu sisi sote tulio na kadi ya chama mfukoni.

ALIKOTOKA

Houston alizaliwa tarehe 3 Septemba 1895 katika mji wa Washington, ambao ndio makao makuu ya Marekani. Baba yake alikuwa wakili. Mama yake alifanya kazi ya kutengeneza nywele za wanawake. Walikuwa na mtoto huyo mmoja tu, wakamsomesha kwa bidii.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, kijana Houston alijiunga na jeshi, akapata cheo cha ofisa, akapelekwa Ufaransa. Huko alijionea jinsi askari weusi walivyodharauliwa na askari weupe wa jeshi lao wenyewe. Walivaa sare moja na kutumikia bendera moja, lakini mweusi alitukanwa na kutishiwa maisha kwa sababu ya rangi yake. Houston aliazimia kwamba akirudi hai atasomea sheria, apate kuwapigania wale wasioweza kujibu.

Aliporudi aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza masomo ya sheria mwaka 1922, na mwaka uliofuata akapata shahada ya juu zaidi. Kisha akafanya kazi katika ofisi ya baba yake. Kuanzia mwaka 1929 hadi 1935 aliongoza shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha weusi huko Washington. Alikuwa mwalimu mkali, hata wanafunzi wakamtania kwa jina la Viatu vya Chuma. Aliwaambia wazi kwamba mwanasheria ama ni mjenzi wa jamii, ama ni kupe anayenyonya jamii, na hakuna njia ya tatu. Alitaka vijana wake wajue sheria kuliko mawakili wa matajiri, kwa sababu mahakamani hakuna huruma kwa mtu asiyejitayarisha.

KAZI YA KUTIA MAKAA

Ili tuelewe kesi yake kubwa, hapana budi tujue kwanza kazi ya mtia makaa.

Zamani injini ya gari la moshi iliendeshwa na watu wawili, dereva na mtia makaa. Mtia makaa alisimama mbele ya tanuri, koleo mkononi, akitupia makaa saa nyingi mfululizo ili maji yachemke na mvuke usipungue. Ni kazi ya joto, vumbi na mgongo. Wazee wetu wa reli ya Afrika Mashariki wanaukumbuka moto wa injini za moshi, hawahitaji kuhadithiwa.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani kazi hiyo ilifanywa sana na weusi, kwa kuwa wazungu wengi hawakuitaka. Kwa mzungu, kutia makaa kulikuwa ngazi. Alitia makaa miaka kadhaa, kisha akapandishwa kuwa dereva. Mweusi hakupandishwa kamwe. Hata akiijua injini kuliko dereva wake, alibaki na koleo mpaka uzee.

Lakini kubaki huko kulimpa kitu kimoja. Katika reli ya Marekani, aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuchagua kazi. Kwa kuwa weusi walikaa miaka mingi katika kazi hiyohiyo, wengi wao walikuwa na utumishi mrefu kuliko wazungu waliokuja nyuma yao. Basi treni za abiria, zenye safari fupi na malipo mazuri, ziliangukia mikononi mwao kwa haki.

Kisha mashine zikabadilika. Vikaletwa vyombo vya kutia makaa vyenyewe bila koleo. Baadaye zikaja injini za dizeli, ambazo hazina tanuri kabisa. Kazi ya mtia makaa ikawa safi na nyepesi. Wakati huohuo, baada ya mwaka 1929, uchumi ulianguka na ajira zikawa haba. Hapo ndipo wazungu walipoanza kuitamani kazi waliyoikataa jana. Katika jimbo la Mississippi, kati ya mwaka 1931 na 1934, watia makaa weusi kadhaa walipigwa risasi wakiwa kazini, wengine wakafa, ili nafasi zao ziwe wazi.

Wafanyakazi wenzetu, tuangalie vizuri hapo. Kazi ilipokuwa ya kuunguza, iliitwa kazi ya mweusi. Ilipokuwa ya kukaa kitako, ikaitwa ya mzungu. Mtindo huo haukuishia Marekani. Sisi tumeuona katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja. Vibarua walibeba marobota kwa mabega miaka mingi. Siku yalipofika magari ya kunyanyulia mizigo, wakaambiwa hawana cheti, na kazi wakapewa wageni wa jana.

CHAMA KILICHOWAKATAA NA BADO KIKAWASEMEA

Bunduki hazikutosha. Chama cha watia makaa kikatafuta njia ya karatasi.

Chama hicho kiliitwa Brotherhood of Locomotive Firemen and Enginemen. Neno la kwanza maana yake ni udugu, lakini katiba yao ilikataza mweusi kuwa mwanachama. Na sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ilivyorekebishwa mwaka 1934, ilisema kwamba wengi katika fani moja ndio watakaochagua mwakilishi, na mwakilishi huyo ndiye atakayesema na mwajiri kwa niaba ya fani nzima.

Sheria hiyo kwa upande mmoja ilikuwa ushindi wa wafanyakazi. Ilimlazimisha mwenye reli kuzungumza na chama. Kwa upande wa pili iliwatia weusi katika mtego. Wazungu walikuwa wengi, basi chama chao kikawa msemaji wa wote. Mweusi hakuruhusiwa kuingia mkutanoni, hakuwa na kura wala kadi. Lakini chama hicho ndicho kilichokaa mezani kumwamulia mshahara na kazi. Hata kama weusi walikuwa na vyama vyao vidogo, navyo walikuwa navyo, kampuni haikulazimika kuvisikiliza.

Tarehe 28 Machi 1940 chama hicho kiliyaandikia makampuni 21 ya reli ya kusini-mashariki mwa Marekani. Kilitaka mikataba ibadilishwe, na nia yake ilikuwa weusi waondolewe kidogo kidogo mpaka waishe. Tarehe 18 Februari 1941 mkataba ukatiwa sahihi. Ndani yake halikuandikwa hata mara moja neno mweusi wala mzungu. Uliandikwa hivi: watu "wasiopandishwa cheo" wasizidi nusu ya watia makaa katika kila kundi la kazi, na mpaka nusu hiyo ifikiwe, kila nafasi mpya ijazwe na watu "wanaopandishwa cheo".

Sasa nani asiyepandishwa cheo? Ni yule ambaye kampuni na chama wamekataa kumpandisha. Walimfungia mtu mlango, kisha wakamwadhibu kwa kuwa hajaingia ndani. Wala watia makaa weusi hawakupewa taarifa ya mazungumzo hayo. Hawakuitwa, hawakuulizwa. Walisikia siku walipopokonywa kazi.

NDUGU STEELE

Mmoja wao alikuwa Bester William Steele, mtia makaa wa reli ya Louisville and Nashville katika jimbo la Alabama. Yeye alikuwa katika kundi la treni za abiria lenye watu sita, weusi watano na mzungu mmoja. Ilikuwa kazi nzuri na aliifanya vizuri. Hapakuwa na lalamiko juu yake.

Tarehe 1 Aprili 1941 kampuni ilipunguza safari za kundi hilo, ikatangaza kwamba nafasi zote ziko wazi upya. Kwa kufuata mkataba mpya, kampuni na chama wakawaengua weusi wote na kuweka wazungu wanne. Wazungu hao walikuwa na utumishi mfupi kuliko Steele, wala hawakumzidi kwa ufundi. Steele alikaa siku 16 bila kazi. Kisha akapewa treni ya mizigo, kazi ndefu zaidi, ngumu zaidi, na malipo madogo zaidi. Huko nako akaondolewa, mzungu mwingine akawekwa. Akasukumwa kwenye injini ya kupanga mabehewa, iliyo chini kuliko zote.

Steele alilalamika kwa kampuni, akalalamika kwa chama. Hakujibiwa la maana. Wenzake wakasimama naye, na chama kidogo cha weusi wa reli kikatafuta wakili. Wakamwita Houston.

Houston alikuwa tayari anawatumikia wafanyakazi weusi wa reli tangu mwisho wa miaka ya 1930. Vyama vyao vilikuwa maskini, na michango ilitoka mifukoni mwa watu wenye wasiwasi wa kazi zao. Wala hakuanza kwa kushinda. Kesi aliyomtetea mtia makaa aitwaye Teague iliangushwa na mahakama ya rufani mwaka 1942, kwa kuambiwa kwamba mahakama za serikali ya shirikisho hazina mamlaka juu ya jambo hilo. Mwanasheria mwingine angefunga jalada. Yeye aliendelea kutafuta mlango mwingine.

Kesi ya Steele ilifunguliwa katika mahakama ya Alabama mwezi Agosti 1941, akisaidiana na wakili mweusi wa huko, Arthur Shores. Steele hakushtaki kwa ajili yake peke yake, bali kwa niaba ya watia makaa wote weusi waliokuwa katika hali kama yake. Na tazameni jambo hili: mwezi Januari 1942, baada ya mashtaka kufikishwa, kampuni ilimrudisha Steele kwenye treni ya abiria. Pengine wangependa anyamaze. Hakunyamaza. Kesi ikaendelea, kwa sababu haikuwa ya mtu mmoja.

HOJA YA WAKILI

Mahakama ya juu ya Alabama ilimtupa nje. Ilisema chama hakikuwa na wajibu kwa Steele, na kampuni ilikuwa huru kufanya mkataba iliotaka.

Houston akakata rufani mpaka Washington. Katika Novemba 1944 alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Hoja yake ilikuwa rahisi, nasi tutaieleza kwa maneno yetu.

Chama kilisema: sisi ni kikundi cha watu binafsi, tunamtetea tumtakaye. Houston akajibu: ingekuwa hivyo kama mngekuwa mnawasemea wanachama wenu tu. Lakini ninyi mmechukua madaraka ya sheria. Sheria imemnyima Steele haki ya kujisemea mwenyewe kwa mwajiri, imemnyima haki ya kuchagua msemaji mwingine, ikawapa ninyi sauti yake. Basi hamwezi kuichukua sauti yake na kuitumia kumfukuzia kazi. Ama mmwakilishe kwa haki, ama msijiite mwakilishi wake.

Ni kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa jirani awachunge, naye akawauza kununulia ng'ombe wake. Akiulizwa husema, "Mimi si ndugu yake." Hakuna aliyemwambia awe ndugu. Aliambiwa achunge.

Chama na kampuni walisema pia kwamba Steele angepeleka malalamiko yake kwenye baraza la usuluhishi la reli. Lakini baraza hilo lilikuwa na wajumbe nusu wa makampuni na nusu wa vyama vikubwa, yaani haohao wawili waliotia sahihi. Nyani hapelekewi kesi ya ngedere. Kwa hiyo Houston alisisitiza kwamba mahakama lazima isikilize.

HUKUMU

Tarehe 18 Desemba 1944 hukumu ilitolewa. Jaji Mkuu Harlan Stone ndiye aliyeiandika. Mahakama ilisema kwamba Bunge, lilipokipa chama cha walio wengi madaraka ya kuisemea fani nzima, halikukipa ruhusa ya kuwatoa kafara walio wachache. Chama kilichoteuliwa kisheria ni lazima kiwawakilishe wote, wanachama na wasio wanachama, bila uadui, bila upendeleo na kwa nia njema. Kikikosa, mahakama inaweza kuzuia mkataba wake na kuamuru fidia. Siku hiyohiyo ikaamuliwa kesi ya mtia makaa mwingine, Tom Tunstall, kwa msingi uleule.

Mahakama haikusema kwamba kila tofauti ni ubaguzi. Mkataba unaweza kutofautisha watu kwa muda wa utumishi, kwa aina ya kazi, kwa ujuzi. Hayo yanahusu kazi. Rangi ya ngozi haihusu kazi.

Wala tusiipambe hukumu hiyo kupita kiasi. Mahakama haikukilazimisha chama kumpokea mweusi awe mwanachama. Mlango wa mkutano ukabaki umefungwa. Mweusi alipata haki ya kutodhulumiwa mezani, lakini hakupata kiti mezani. Na kwa miaka iliyofuata makampuni na chama walizidi kukwepa, hata Houston akalazimika kufungua kesi nyingine dhidi ya chama kilekile, akashinda tena katika Mahakama ya Juu mwezi Novemba 1949. Kiti chenyewe kilingoja mpaka sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, iliyokataza vyama vya wafanyakazi kubagua katika uanachama.

Hata hivyo kanuni ile ilienea. Kutoka kwa watia makaa wa reli ilifika katika viwanda vyote vya Marekani, na vyama vinaifuata mpaka leo: chama kinachotambuliwa kina wajibu wa kuwawakilisha wote kwa haki.

TRAMU ZA WASHINGTON

Houston hakushughulika na reli tu. Mjini kwake Washington tramu na mabasi yalikuwa mikononi mwa kampuni moja, Capital Transit. Ilikuwa kampuni ya huduma ya umma, iliyopewa kibali cha kubeba watu wa mji wote. Weusi walilipa nauli kama wengine, lakini kampuni haikukubali mweusi aendeshe tramu wala basi.

Mwaka 1941 kiongozi wa chama cha watumishi weusi wa mabehewa ya kulala, A. Philip Randolph, alitishia kuleta maandamano makubwa Washington. Rais Roosevelt, kwa kuyaepuka, alitoa amri ya kukataza ubaguzi katika kazi za vita, akaunda kamati ya kuisimamia. Mwaka 1944 Houston aliteuliwa mjumbe wa kamati hiyo.

Mwaka huohuo, mwezi Agosti, huko Philadelphia, weusi 8 walianza kufundishwa kuendesha tramu. Wafanyakazi weupe wakagoma, mji ukasimama. Serikali ilileta askari wapatao 5,000, na mgomo ukavunjika katika muda wa wiki moja. Chama kipya kilichokuwa kimechaguliwa kuwawakilisha wafanyakazi hao, Transport Workers Union, kiliupinga mgomo huo tangu mwanzo. Tunataja hilo kwa makusudi, ili ndugu zetu wasidhani vyama vyote vya Marekani vilikuwa kama kile cha watia makaa.

Huko Washington mambo hayakwenda hivyo. Mwezi Novemba 1945 serikali ilikuwa imeishika kampuni ya Capital Transit kwa sababu ya mgomo wa mishahara. Kamati ikaona sasa ndiyo nafasi. Kama serikali ndiyo mwendeshaji, basi serikali yenyewe iache ubaguzi. Kamati ikatayarisha amri. Rais Truman akaizuia isitolewe.

Houston alijiuzulu mwezi Desemba 1945, akaeleza sababu zake waziwazi katika barua kwa rais. Angeweza kubaki na cheo na heshima yake. Lakini aliona kwamba kukaa katika kamati isiyoruhusiwa kufanya kazi yake ni kuwapumbaza wafanyakazi, wakidhani kuna mtu anawatetea wakati hakuna.

MWISHO WA SAFARI NA MBEGU ALIZOPANDA

Houston alijitumikisha bila kujihurumia. Alisafiri majimbo ya kusini akikusanya ushahidi, alitetea haki ya watoto weusi kusoma, alipinga mikataba ya kuwazuia weusi kununua nyumba. Moyo wake ukashindwa. Alifariki tarehe 22 Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Kesi aliyoacha njiani, ya wapokea abiria weusi wa treni, ilimaliziwa na wenzake na kushinda mwaka 1952.

Mwanafunzi wake aliyejulikana kuliko wote alikuwa Thurgood Marshall, aliyemaliza Howard mwaka 1933. Huyo ndiye aliyeongoza kesi ya mwaka 1954 iliyoharamisha shule za ubaguzi, na mwaka 1967 akawa mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Na hapo mto huo unafika kwetu. Mwaka 1960 viongozi wa Kenya walipokwenda London kujadili katiba, Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Kenya, alimwita Marshall awe mshauri wao wa sheria. Marshall akaandika mapendekezo ya haki za raia. Katika mapendekezo hayo alishikilia kwamba Waafrika, walio wengi, wakipata madaraka, Wahindi na Wazungu, walio wachache, walindwe na sheria. Wako walioshangaa. Lakini mwanafunzi wa Houston hakuwa na jambo la kushangaza hapo. Alifundishwa kwamba haki ya mchache haina rangi.

YANAYOTUPASA SISI

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wamarekani, sisi hatuna chama cha wazungu. Kweli. Wazee wetu walioajiriwa na reli wakati wa ukoloni walipangwa kwa ngazi ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, kila ngazi na mshahara wake, na ngazi hizo zimeondoka. Lakini mbinu ile haikuondoka. Leo hatusikii "wasiopandishwa cheo". Tunasikia "wa msimu", "si wa hapa", "hana cheti", "kabila lile halitulii". Maneno hayo yakitoka kinywani mwa tajiri, tunayajua. Yakitoka kinywani mwa mjumbe wa tawi, yanauma zaidi, maana kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo tunawakumbusha wajumbe wote wa matawi mambo manne.

Kwanza, kabla ya kutia sahihi mkataba wowote unaogusa kupunguzwa kwa watu au kubadilishwa kwa kazi, waiteni watakaoguswa. Waiteni kwa lugha wanayoielewa, na kwa saa ambayo hawako shambani. Watia makaa wa Alabama hawakuambiwa. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kabla ya makosa mengine yote.

Pili, someni kila neno la mkataba na kujiuliza: neno hili litamwangukia nani? Neno linaweza kuwa safi kwenye karatasi na kuwa panga mkononi.

Tatu, daftari la tarehe za kuajiriwa litunzwe na tawi, si na mwajiri peke yake. Kilichomsaidia Steele ni kwamba ilijulikana wazi nani alitangulia na nani alikuja nyuma. Mfanyakazi asiye na tarehe hana kesi.

Nne, malalamiko dhidi ya mjumbe yasisikilizwe na mjumbe huyohuyo. Yapelekwe ngazi ya juu, na mlalamikaji apewe jibu la maandishi.

Na kwa wewe uliye mchache katika tawi, kibarua, mgeni, mama wa kuchuma chai: usichane kadi yako kwa hasira. Steele na wenzake walijiunga na chama chao kidogo, wakachanga senti, wakatafuta mtu anayejua sheria, wakaweka tarehe na majina. Na Steele, aliporudishwa kazini kabla ya kesi kwisha, hakuwaacha wenzake.

Liko jambo moja la mwisho katika habari hii. Chama kile kilichowasukuma weusi nje ili kazi ziwatoshe wazungu hakikuziokoa kazi hizo. Dizeli hazikuhitaji makaa ya mweusi wala ya mzungu. Mwezi Novemba 1963 baraza la usuluhishi liliyaruhusu makampuni ya reli kuondoa asilimia 90 ya watia makaa katika treni za mizigo na viwanja vya kupangia mabehewa. Miaka zaidi ya 20 walikuwa wamepigana na weusi, wakati adui wa kazi zao alikuwa akija taratibu juu ya reli. Laiti wangesimama pamoja mapema, wangekwenda mezani wakiwa wengi zaidi.

Mashine mpya zinaingia pia katika viwanda na mashamba yetu. Zinachuma chai na kukata miwa. Tajiri atakapokuja na orodha ya watakaoondoka, atapenda sana kuona jina la mgeni na la kibarua likiwa juu, ili wengine wanyamaze. Orodha hiyo ikifika tawini kwenu, isomeni mbele ya wote.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.